Waliniambia pumu ya ngozi ingeisha akifika miaka mitano

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka saba na ninaishi Njombe pamoja na mume wangu na mama mkwe. Mwanangu alipokuwa na miezi minne mashavu yake yalianza kukauka na kupasuka, yakatoa majimaji, kisha vipele vidogo vikasambaa mikononi na miguuni, akawa halali kwa kujikuna na mimi silali kwa kumshika mikono. Kliniki waliniambia kwamba ni pumu ya ngozi na kwamba nisihangaike sana, kwa sababu watoto huachana nayo wakifika miaka mitano. Neno hilo nililitunza kama risiti.

Alipotimiza miaka minne ilitulia kweli. Kwa zaidi ya mwaka mzima ngozi yake ilikuwa laini, nikaacha kumpaka mafuta mazito, na makopo yaliyobaki nikampa jirani. Mwezi Juni mwaka jana, baridi ilipokaza, ikarudi, lakini safari hii haikurudi mashavuni. Iliingia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, ambako ngozi sasa imekuwa nene, nyeusi na yenye mistari. Usoni ana mabaka yaliyopauka ambayo jirani huyo huyo anasema ni fangasi.

Rafiki yangu aliniletea krimu iliyotiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi, aliyoinunua kwenye duka la vipodozi. Siku nne tu, ngozi ikawa kama haijawahi kuugua. Nilipoacha kuipaka, ikarudi vibaya kuliko mwanzo. Mama mkwe hataki nimpake dawa yoyote ya hospitali, akisema kwamba pumu ikifukuzwa kwenye ngozi huhamia kifuani, na kwa bahati mbaya mtoto ameanza kukohoa usiku, kwa hiyo nimekosa la kumjibu. Tangu Januari nimemwachisha mayai, maziwa, karanga na samaki. Amepungua uzito na ngozi iko vile vile. Mume wangu naye aliugua utotoni. Anasema kwake iliisha, ingawa yeye ni fundi wa ujenzi na mikono yake hupasuka kila anapofanya kazi ya saruji.

Sasa nina ujauzito wa miezi sita. Je, nilidanganywa? Itaisha lini? Huyu anayekuja naweza kumkinga? Nauliza pia kwa niaba ya mwanangu mwenyewe, ambaye juzi ametaka kujua kama ataingia nayo sekondari.

Mama wa Njombe

JIBU

Marahaba, mama, na hongera kwa ujauzito.

Hukudanganywa. Uliambiwa nusu ya habari, na nusu ambayo hukuambiwa ndiyo hasa uliyoihitaji Juni mwaka jana: kwamba ugonjwa huu, ambao vitabu huuita ukurutu, una tabia ya kutulia na kuamka, na kwamba kutulia kwa mwaka mmoja hakumaanishi kuwa umekwisha. Aliyekupa umri wa miaka mitano alikuwa akikutuliza, na nadhani alifanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo nimeona mara nyingi jinsi ahadi ya namna hiyo inavyomwumiza mtoto, kwa sababu mzazi anayesubiri tarehe huacha kutibu akiamini kwamba muda utamfanyia kazi, na tarehe ikipita bila nafuu hujilaumu yeye, au hulaumu chakula, au humlaumu aliyemrithisha.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa zipo na zinamgusa mwanao moja kwa moja. Nchini Uingereza kuna watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwezi Machi 1958 ambao wamefuatiliwa tangu kuzaliwa. Miongoni mwa wale waliougua pumu ya ngozi wakiwa wadogo, asilimia 65 walikuwa na ngozi safi walipofika miaka 11, na asilimia 74 walipofika miaka 16. Viwango hivyo vinatia moyo, na ndivyo vilivyozaa kauli kwamba watoto wengi huachana nayo. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walitazama pia ni nani kati ya hao waliohesabiwa kuwa wamepona alirudiwa baadaye, katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima, na walipowaondoa hao, asilimia 65 ilishuka hadi 53, na asilimia 74 ikashuka hadi 65. Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili ni watoto kama wako, ambao walitulia, wakahesabiwa, kisha wakaamka.

Ujerumani nako walifuatiliwa watoto waliougua ndani ya miaka miwili ya kwanza ya maisha, hadi walipofika miaka saba, ambao ndio umri wa mwanao leo. Asilimia 43 kati yao walikuwa wamepona kabisa walipofika miaka mitatu, asilimia 38 walikuwa na ugonjwa unaokuja na kuondoka, na takriban asilimia 19 walikuwa na dalili kila mwaka bila kupumzika. Kwa maelezo yako, mwanao yuko katika kundi hilo la kati. Si kundi baya zaidi, wala si la watoto wachache wasio wa kawaida. Ni zaidi ya theluthi moja ya watoto wote waliougua mapema.

Ukisoma zaidi utakutana na takwimu mbili zinazoonekana kugombana, na ni vizuri nikueleze mapema ili zisikuvuruge. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumuisha tafiti 45 zenye watu zaidi ya 110,000, ulionyesha kwamba miaka minane baada ya ugonjwa kugundulika, asilimia 80 ya watoto hawakuwa nao tena, na baada ya miaka 20 waliobaki nao hawakufika asilimia 5. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2014, yalikuwa yametoka matokeo ya daftari la Marekani lililofuatilia watoto zaidi ya 7,000, yakisema karibu kinyume chake: katika kila umri, kuanzia miaka 2 hadi 26, zaidi ya asilimia 80 ya washiriki walikuwa na dalili au walikuwa wakitumia dawa, na ni hadi walipofika miaka 20 ndipo nusu yao walipokuwa wamewahi kupata walau kipindi kimoja cha miezi sita bila dalili wala dawa.

Haya yote yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Daftari la Marekani liliwaandikisha watoto ambao tayari walikuwa wakitumia dawa ya kuandikiwa na daktari kwa ajili ya ngozi, yaani wenye ugonjwa usio mwepesi sana, na liliwauliza tena na tena. Tafiti nyingine nyingi huchukua mtoto yeyote aliyewahi kuugua, hata kidogo, na humwuliza mara chache. Akiwa ametulia siku ya kuulizwa, huandikwa kuwa amepona. Tatizo zima liko kwenye neno "kuisha". Mume wako anasema kwake iliisha, na mtafiti aliyemwuliza akiwa na miaka 15 angeandika hivyo hivyo, lakini mikono inayopasuka kwenye saruji inaniambia kwamba ngozi yake bado ni ile ile aliyozaliwa nayo, ila imepata mahali pengine pa kulalamikia.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo. Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa lipu vizuri: maji yaliyo ndani hayatoki ovyo na uchafu wa nje hauingii. Kwa mtu mwenye pumu ya ngozi lipu hiyo ina nyufa, maji hutoka, ngozi hukauka, na vitu vinavyowasha hupenya na kuamsha kinga ya mwili, ambayo huzusha uvimbe na mwasho. Mtoto anapojikuna huongeza nyufa, na mambo huanza upya. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakiongozwa kutoka Dundee, Scotland, waligundua kwamba kwa baadhi ya wagonjwa chanzo ni hitilafu katika jeni la protini iitwayo filagrini, ambayo ni sehemu ya lipu hiyo. Hitilafu zile zilizopatikana kwa Wazungu huonekana kwa nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo kwetu nyufa hizo zina visababishi vingine, lakini matokeo yake kwenye ngozi ni yale yale na urithi wa kifamilia upo vile vile. Mtoto hurithi wepesi wa ngozi kukauka na kuwaka, na wepesi huo hubaki hata ugonjwa unapokuwa umelala.

Kuhama kwa ugonjwa kutoka mashavuni kwenda kwenye mikunjo nako ni mwendo wake wa kawaida. Mtoto mchanga huugua usoni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu; akishaanza kutembea na kukua, huingia kwenye viwiko, magoti, vifundo na shingo; mtu mzima huugua zaidi mikononi, kwenye kope na shingoni. Kwa hiyo mwanao hakupata ugonjwa mpya mwaka jana.

Je, kwa mwanao kuna dalili gani za mwelekeo? Zipo za pande zote mbili. Kuanza kwake mapema, akiwa na miezi minne, ni jambo la kheri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa katika uchambuzi ule wa mwaka 2016 walioanza kuugua baada ya mwaka wa pili ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea nao. Kile kipindi kirefu cha utulivu pia ni ishara nzuri. Kwa upande wa pili, ugonjwa ukishakuwa mkali, na ukishadumu miaka mingi, huelekea kudumu zaidi, na ngozi nene yenye mistari uliyoieleza ni ushahidi wa kukuna kwa miezi mingi. Kama ningelazimishwa kusema neno moja, ningesema kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa atakuwa na nafuu kubwa kufikia ujana wake, na kwamba huenda akarudiwa mara kadhaa njiani. Mwaka na mwezi siwezi kukutajia, na yeyote atakayekutajia asikupe hasara ya pili.

Nizungumzie sasa rangi, kwa sababu vitabu vingi vya tiba viliandikwa vikitazama ngozi nyeupe, na picha zake huonyesha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Uvimbe hujionyesha kama weusi uliokolea, kijivu au zambarau, na vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, kiasi kwamba hata mhudumu wa afya anaweza kuuona ugonjwa kuwa mwepesi kuliko ulivyo. Ukienda hospitali usiseme tu kwamba mtoto ana vipele. Eleza ni usiku mingapi kwa wiki anaamka kwa kujikuna, maana usingizi ni kipimo kisichotegemea rangi. Yale mabaka yaliyopauka usoni karibu kila mara si fangasi. Ni alama ambazo uvimbe huacha baada ya kutulia, na hurudi kwenye rangi yake kwa wiki au miezi kadhaa, hasa ukitunza ngozi isikauke. Fedha ya dawa ya fangasi ibaki mfukoni mpaka daktari aseme vingine. Wakati huo huo jiridhishe kwamba hakuna mwingine nyumbani anayewashwa usiku, kwa sababu nyumba nzima ikiwashwa, tunafikiria upele wa kuambukiza, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Krimu ya kwenye kikopo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako. Dawa inayofuta pumu ya ngozi kwa siku nne, isiyo na jina, iliyotoka kwenye duka la vipodozi, kwa hakika karibu kamili ina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na mara nyingi ni ile ile klobetasoli wanayoitia kwenye mkorogo wa kujichubua. Ikipakwa bila mpango kwa mtoto, hasa usoni na kwenye mikunjo ambako ngozi hunyonya zaidi, inaweza kuifanya ngozi iwe nyembamba, kuacha michirizi isiyofutika, kudhuru macho ikipakwa karibu nayo, na ikitumika kwa wingi huingia mwilini na kuzuia ukuaji. Usiitupe, lakini usiipake tena. Ichukue uende nayo hospitali, na useme umeitumia kwa muda gani, kwa kuwa daktari anahitaji kujua.

Na hapa nina ombi gumu. Usiichukie steroidi kwa sababu ya kikopo kile. Steroidi ya kupaka, iliyochaguliwa kwa nguvu inayofaa na kupakwa kwa siku zilizopangwa, ndiyo tiba ya msingi ya ugonjwa huu duniani kote, na kinachowaangusha wazazi wengi ninaowaona ni kuipaka kidogo mno kwa woga na kuiacha mapema mno, ngozi ikiwa bado haijalainika. Kwa uso, daktari kwa kawaida huandika iliyo dhaifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwa ngozi nene ya viwiko na magoti huandika iliyo na nguvu zaidi, kwa wiki moja au mbili, hadi ukipitisha kidole usihisi tofauti na ngozi ya jirani. Kipimo ni rahisi kukumbuka: dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye tyubu na kulala juu ya ncha ya kidole chako cha shahada, hadi kwenye kiungo cha kwanza, inatosha eneo linaloenea viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ngozi ikishatulia, kwa mtoto anayerudiwa mara kwa mara kama wako, mwulize daktari juu ya kuendelea kupaka dawa hiyo siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu zile zile zilizozoea kuugua, hata kama zinaonekana safi. Mpango huo hupunguza marudio, na laiti ungeupata alipokuwa na miaka mitano na ngozi yake ikianza kukauka tena, huenda mwezi Juni ungekuwa na habari nyingine.

Mafuta ndiyo kazi ya kila siku, hata siku njema. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, ingawa najua baridi ya Njombe inavyoshawishi. Muda usizidi dakika kumi, sabuni isiyo na manukato makali iende makwapani, miguuni na kwenye makalio tu, na sabuni za kuua vijidudu muachane nazo. Mpanguse kwa kugusa bila kusugua, kisha umpake papo hapo mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kiasi kinachopendekezwa kwa mtoto mwenye ukavu wa mwili mzima hushangaza wengi, kwani ni kuanzia robo kilo kwa wiki, kwa hiyo nunua kopo kubwa la bei nafuu badala ya kichupa kizuri cha bei ghali. Sweta la shule lisiguse shingo na mikono moja kwa moja. Avae ndani shati la pamba lenye mikono mirefu, na kama sare hairuhusu, mwandikie mwalimu mkuu na uambatanishe cheti cha hospitali.

Mama mkwe ana sehemu ya ukweli, na ningependa aelezwe kwa heshima badala ya kubishiwa. Ni kweli kwamba watoto wenye pumu ya ngozi hupata pumu ya kifua kuliko wenzao. Karibu mmoja kati ya watatu huipata. Alichokiona katika maisha yake, yaani ngozi kutulia na kifua kuanza, nacho hutokea kweli. Kinachokosewa ni sababu. Magonjwa yote mawili, pamoja na mafua ya mzio, hutoka kwenye shina moja la urithi, na yana umri wake wa kujitokeza: ngozi hutangulia, kifua hufuata. Dawa ya ngozi haisukumi kitu kwenda kifuani, na hata jina letu la Kiswahili, pumu ya ngozi, limechangia watu kuamini kwamba ni kitu kimoja kinachohamahama. Kwa hiyo kikohozi cha usiku kisichukuliwe kama adhabu ya krimu. Kichukuliwe kama sababu ya kumpeleka mtoto kupimwa kifua mapema, hasa kama hulia miluzi, hubanwa akikimbia, au hukohoa kila baridi inapoingia, kwani pumu ya kifua ina dawa za kuvuta zinazofanya kazi vizuri sana zikianzwa kwa wakati.

Kuhusu chakula, nadhani umeshajijibu mwenyewe: miezi yote hii bila mayai, maziwa, karanga wala samaki, ngozi iko vile vile na uzito umepungua. Mzio wa chakula hukutwa zaidi kwa watoto wachanga wenye ugonjwa mkali, na hujionyesha mara nyingi ndani ya saa mbili za kula, kwa midomo kuvimba, ngozi kutoka vivimbe vinavyowasha, kutapika au kukosa pumzi. Kama mwanao alikula vyakula hivi miaka yote bila mambo hayo, havina hatia. Lakini usivirudishe vyote kwa siku moja. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akiachishwa chakula kwa muda mrefu, mwili wake unaweza kusahau kukivumilia, na wapo waliopata mzio wa ghafla walipokirudia. Zungumza kwanza na daktari, kisha mrudishie kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo.

Kwa huyu anayekuja, habari njema ni kwamba huna cha kujinyima wakati wa ujauzito. Kuacha mayai au karanga hakumkingi mtoto. Kumpaka mafuta kila siku tangu kuzaliwa ili kuzuia ugonjwa nako kulijaribiwa nchini Uingereza kwa watoto wachanga zaidi ya 1,300 wa familia zenye urithi kama yenu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliopakwa waliugua karibu sawa na wasiopakwa. Mafuta hutibu ngozi kavu, kuzuia hayazuii. Uwezekano wa mtoto huyu kuugua ni mkubwa kuliko wa mtoto wa jirani, lakini anaweza pia asiugue kamwe. Jambo moja lenye ushahidi mzito ni la karanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa yai, au vyote viwili, na wale walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa zaidi ya asilimia 80 pungufu kuliko waliozuiwa. Kwa hiyo usiuogope uji uliotiwa karanga zilizosagwa laini atakapoanza kula. Karanga nzima asipewe, kwa kuwa humkaba. Akionyesha mapema pumu kali ya ngozi, mwone daktari kabla ya kumwanzishia.

Msisubiri miadi siku mtakapoona ngozi inatoa usaha au imeganda maganda ya njano, maana hapo bakteria wameingia. Na kama vitatokea vidonda vidogo vya duara vilivyosongamana, vinavyouma kuliko kuwasha, pamoja na homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hiyo huwa ni virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyosambaa kwenye ngozi iliyo wazi, na ndiyo sababu mtu mwenye malengelenge hayo asimbusu mtoto huyu. Kwa matibabu ya kawaida anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa. Ngozi isipotulia, ombeni barua ya rufaa kwa mtaalamu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa mfano, kipo tangu 1992 kituo cha kanda kinachofundisha madaktari na maafisa tabibu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mume wako naye avae glavu zisizopitisha maji kazini, anawe saruji mapema isimkaukie, na apake mafuta yale yale ya mwanawe.

Limebaki swali la kijana mwenyewe, nami nadhani anastahili jibu la kweli kuliko ulilopewa wewe. Mwambie kwamba huenda ataingia sekondari bila nayo, na kwamba ikiingia naye, atakuwa tayari anajua kupaka dawa yake bila kukumbushwa. Miaka saba inatosha kuanza kujifunza: leo usiku mpe kopo, apake miguu yake mwenyewe, wewe upake mgongo.